Diski isiyojijua: kufunga, kutumia na kutunza diski ngumu ya miaka ya 1980 mjini Goma

Diski ya Seagate ST-225 haijui ina silinda ngapi, yaani vituo vingapi ambavyo vichwa vyake vinaweza kusimama juu ya sahani. Haijui sekta yake ya kwanza (kipande kidogo cha data) inaanzia wapi, wala haijui ni sehemu gani za sahani zake zina kasoro. Diski ya leo, hata ile ya mtumba inayouzwa soko la Birere kando ya chaja na nyaya, ina kompyuta ndogo ndani yake: ukiichomeka inajitambulisha, na sekta ikioza inaihamisha kimyakimya. ST-225, ya mwaka 1984, ni sahani mbili, vichwa vinne vya kusoma na kuandika, mota mbili na bodi inayotii amri za aina ya “sogea hatua moja ndani” au “tumia kichwa cha tatu”. Akili iko kwingine, kwenye kadi ya kontrola iliyochomekwa katika ubao mkuu wa kompyuta.

Fundi aliyezoea SATA, kiungo cha diski za leo, akiletewa kompyuta ya IBM XT, au ndugu yake yeyote aliyelala stoo miaka thelathini, hukwama hapo hapo. Anaichukua diski, anaiacha kadi au anaweka nyingine inayofanana nayo, kisha anashangaa data haisomeki ilhali diski inazunguka vizuri. Diski na kadi ni nusu mbili za kitu kimoja. Alama zinazoonyesha sekta iko wapi ziliandikwa na kadi ile kwa mtindo wake, na kadi ya mtengenezaji mwingine mara nyingi haizielewi. Ukitoa diski, itoe pamoja na kadi yake na uzitie mfuko mmoja.

Hapa tunashika mfano wa ST-225 kwa kuwa ilienea sana enzi zake na ndugu zake hufuata kanuni zilezile. Hesabu yake ni hii: silinda 615, vichwa 4, sekta 17 kwa kila njia (mduara mmoja wa data kwenye uso wa sahani), baiti 512 kwa kila sekta. Zidisha, unapata baiti 21,411,840. Ndiyo “20 MB” inayotajwa. Picha nne tano za simu zinaijaza, lakini daftari zima la ofisi la miaka kumi linaingia humo na nafasi inabaki.

Umeme kwanza

Usiwashe kitu kabla ya kuangalia nyuma ya boksi la umeme, lile ambalo wengi hapa huliita alimantasyo. Goma tunatumia 220 V. Mashine iliyonunuliwa Ulaya haina shida. Iliyotoka Marekani inaweza kuwa na swichi ndogo ya 115/230, na ikikutwa kwenye 115 ukaichomeka ukutani, utasikia mlio mmoja tu. Baadhi hazina swichi kabisa na kibandiko kinasema 120 V. Hizo zinahitaji transfo ya kushusha. Kwa boksi la XT la wati 130, chukua transfo ya 300 VA ili isichemke.

Ndani ya boksi tafuta kapasita za karatasi zilizofunikwa plastiki ya rangi ya asali, inayopitisha mwanga. Plastiki hiyo hupasuka kwa uzee, unyevu unaingia kwenye karatasi, na dakika chache baada ya kuwasha chumba kinajaa moshi mnene unaonuka. Zibadilishe kabla, kwa thamani ileile, daraja la X2, 275 V. Kumbuka kapasita kubwa za boksi hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomoa waya: subiri, kisha pima kwa multimeta kabla ya kuingiza kidole.

Usilijaribu boksi likiwa tupu. Mengi ya enzi hizo hukataa kuwaka bila mzigo, na mengine huharibika. Taa za breki za gari, 12 V na wati 21, zinatosha: moja kwenye waya mwekundu wa 5 V, nyingine kwenye waya wa manjano wa 12 V, zote zikirudi kwenye nyeusi. Upande wa 5 V multimeta ionyeshe kati ya 4.75 na 5.25, upande wa 12 V, kati ya 11.4 na 12.6. Ule wa 12 V ndio muhimu kwa diski, kwa sababu mota ikianza kuzungusha sahani huvuta karibu ampea 2 kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia. Boksi lililochoka hupita mtihani wa taa na kuanguka hapo.

Kwenye kadi na ubao mkuu, angalia kapasita za tantali, zile zenye umbo la tone la maji. Zikifa huunganisha 12 V na ardhi. Mashine ikiwa imechomolewa, pima ukinzani kati ya waya wa manjano na mweusi. Ukiona omu mbili tatu tu na hazipandi, kuna tantali iliyokufa mahali. Na kama mashine ni 286 au 386, kizazi kilichofuata XT, yenye betri ya pipa ya 3.6 V juu ya ubao, ing'oe leo, hata kama bado inafanya kazi. Maji yake hula njia za shaba, na ukichelewa utashinda na waya na risasi ya kuchomelea mpaka jioni.

Nyaya mbili, pindo moja

Diski huungwa na kadi kwa tepe mbili za nyaya: moja ya nyaya 34 kwa ajili ya amri, nyingine ya nyaya 20 kwa ajili ya data. Ukingo wenye mstari mwekundu ni waya namba 1. Kwenye diski, ncha za bodi zina mkato mdogo karibu na namba 1, basi ukikosa mstari fuata mkato.

Utepe wa 34 ndio unaoleta vurugu, maana diski za floppy pia hutumia utepe wa nyaya 34 wenye pindo. Si kitu kimoja. Pindo la floppy liko kwenye waya wa 10 hadi 16; la diski ngumu liko kwenye waya wa 25 hadi 29. Zihesabu kwa ncha ya kalamu, usikadirie kwa macho. Ukiweka utepe wa floppy, XT itasubiri kidogo kisha itaandika 1701, na wengi huhukumu diski imekufa.

Kazi ya pindo ni kubadilisha mistari ya kuchagua diski. Kwa hiyo, ukitumia utepe wenye pindo, jampa ya kila diski (kibanio kidogo cha kuchagua namba yake) huwekwa nafasi ya pili, iwe diski ni moja au ni mbili. Ile iliyo baada ya pindo, mwisho wa utepe, inakuwa C. Ukitumia utepe usio na pindo, diski moja inakaa nafasi ya kwanza. Watengenezaji wengine huanza kuhesabu na 0, wengine na 1, ndiyo maana tunasema “ya pili” badala ya kutaja maandishi yaliyo kwenye bodi. Diski ya mwisho wa utepe hubaki na terminata yake, kipande cha vizuizi vya omu 220 na 330 kilicho kwenye soketi karibu na ncha ya nyaya 34. Diski ya katikati hutolewa chake. Ukiacha mbili, ishara inalegea na unapata makosa ya hapa na pale ambayo hayana mpangilio, na hayo ndiyo mabaya kuliko yote kuyatafuta.

Kuhusu skrubu: diski hizi hutumia uzi wa 6-32, wenye kipenyo cha milimita 3.5. Skrubu ya M3 inaingia pia, inazunguka, inaonekana imeshika, kisha inalegea kwa mtikisiko. Tumia nne, fupi. Ndefu hugusa bodi. Diski ilale bodi ikiwa chini, au isimame kwa ubavu. Usiiweke kwa mshazari.

Fomati ni mbili, na ya kwanza ndiyo yenye siri

Kwenye diski ya leo, kufomati ni kuandika orodha ya mafaili. Kwenye ST-225 kuna kazi nyingine chini ya hiyo: kadi inazunguka njia baada ya njia ikiandika, mbele ya kila sekta, anwani yake: silinda fulani, kichwa fulani, sekta fulani. Hiyo ndiyo fomati ya chini. Bila anwani hizo sahani ni uwanja usio na nyumba wala namba.

Fomati ya chini hufuta kila kitu. Kama kuna data inayotakiwa, nakili kwanza kwa njia ya lango la siriali hadi kompyuta nyingine. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde diski nzima inachukua zaidi ya saa sita. Kwa 115,200, kama nusu saa, ingawa XT ya 4.77 MHz haiwezi kushika kasi hiyo kila mara. Panga siku ambayo hakuna delestaji, yaani mgao wa umeme.

Kwenye XT yenye kadi ya Western Digital, programu ya fomati ya chini imo ndani ya kadi yenyewe. Washa kwa floppy ya DOS, mfumo endeshi wa enzi hizo, andika DEBUG, kisha:

g=c800:5

Kadi nyingi za Adaptec huanzia c800:ccc, za OMTI c800:6. Itakuuliza silinda, vichwa, silinda ya kuanza kurekebisha maandishi (kwa ST-225 ni 300), na mpishano. Kwenye AT, yaani mashine ya 286, mambo ni tofauti: kadi haina programu ndani, unachagua aina ya diski kwenye usanidi wa BIOS (aina ya 2 ina silinda 615 na vichwa 4) na unafomati kwa programu ya kwenye floppy.

Mpishano unahitaji maelezo. Sahani huzunguka mara 3,600 kwa dakika, yaani mara 60 kwa sekunde. Kompyuta ikishasoma sekta ya 1, inahitaji muda wa kuipeleka kwenye kumbukumbu. Sekta ya 2 ikiwa jirani kabisa, inapita kabla kompyuta haijawa tayari, na itabidi isubiriwe mzunguko mzima. Ndipo sekta hupangwa kwa kurukana: kwa mpishano wa 3:1, kati ya sekta ya 1 na ya 2 kuna nyingine mbili. Kwa 1:1 njia nzima inasomwa kwa mzunguko mmoja, karibu KB 510 kwa sekunde. Kwa 3:1 ni KB 170. Lakini mashine isiyoweza 2:1 ikilazimishwa 2:1, kila sekta inasubiri mzunguko, na kasi inaporomoka chini ya KB 30. Ndiyo maana tamaa hapa haina faida: anza na 3:1, pima, kisha jaribu jirani zake.

Juu ya diski kuna kibandiko cha kasoro kilichochapwa kiwandani: kichwa, silinda, umbali kutoka mwanzo wa njia. Programu ikiuliza kasoro, ziandike zote. Majaribio yako ya nyumbani hayawezi kuziona zote, kwa kuwa kiwanda kilipima kwa vifaa vikali kuliko kadi yako. Kibandiko kikianza kufifia, kipige picha.

Na usishawishike na kadi ya RLL, inayoweka sekta 26 kwa njia badala ya 17. ST-225 itaonekana imepanda hadi MB 32, itafanya kazi wiki chache, kisha itaanza kupoteza mafaili. Seagate waliuza diski ya umbo lilelile iliyothibitishwa kwa RLL, ST-238R. Sahani ambazo hazikuthibitishwa hazina deni na wewe.

Baada ya hapo FDISK, ya kugawa diski, kisha FORMAT C: /S, ambayo ndiyo fomati ya pili, ya kuandika orodha ya mafaili. Kwenye DOS 3.3 sehemu moja haizidi MB 32, kikomo kisichoigusa ST-225. Mwenye ST-251 ya MB 42 atagawa mara mbili.

Asubuhi haisomi, mchana inasoma

Lalamiko hili tunalielezea kwa kirefu kwa sababu diski nyingi nzima zimetupwa kwa ajili yake.

Vichwa vya ST-225 husogezwa na mota ya hatua-hatua. Inapiga hatua kadhaa, inasimama, basi. Hakuna kinachoangalia kama kichwa kimefika katikati ya njia. Chuma na alumini vilivyo ndani havitanuki sawa, kwa hiyo hatua ya 400 kwenye nyuzi 16 za asubuhi ya Goma haiangukii palepale inapoangukia saa nane mchana boksi la kompyuta likiwa na nyuzi 40. Anwani za sekta ziliandikwa siku moja tu, siku ya fomati ya chini. Data, kinyume chake, huandikwa upya kila unapohifadhi faili, pale kichwa kiliposimama siku hiyo. Miaka inapita, mota inachakaa kidogo, na kichwa kinakaa mbali zaidi na mstari wa anwani, ingawa bado kiko sawa na data ya juzi. Hatimaye anwani hazisomeki.

DOS inakupa ushahidi ukijua kuusoma. “Sector not found” maana yake anwani haikuonekana: shuku joto, shuku mota, shuku fomati ya zamani. “Data error” maana yake anwani ilipatikana ila kilichomo kimeharibika: shuku sahani. Ujumbe wa kwanza ukija asubuhi na kutoweka baada ya nusu saa, diski haijafa. Iache ipate joto, nakili kila kitu, kisha ifanyie fomati ya chini upya.

Hapo ndipo kuna kosa lingine: watu huifomati ikiwa mezani, baridi, imelala, halafu wanaifunga kwa ubavu ndani ya boksi la moto. Ifunge kwanza mahali pake pa kudumu, skrubu zote nne, funika boksi, iache izunguke dakika 30 hadi 60, ndipo ufomati. Utaratibu huohuo ufuate kila siku: usihifadhi kitu cha maana katika dakika za mwanzo.

Vumbi jeusi, gesi na mtikisiko

Kimo cha Goma, karibu mita 1,500, huwatia watu wasiwasi kwa sababu vichwa huelea juu ya hewa, kwa umbali usiofika mikroni moja, na hewa ya huku ni nyepesi. Wasiwasi huo hauna msingi: diski za aina hii zilibuniwa kwa vimo vya hadi mita 3,000 hivi. Ila tundu dogo la kupumulia lenye kichujio lisizibwe kwa gundi wala kibandiko. Kifuniko kisifunguliwe kamwe, hata “kuchungulia tu”. Vumbi letu ni vipande vya mwamba na kioo cha volkano. Chembe moja chini ya kichwa hukwaruza sahani.

Vumbi hilo hudhuru zaidi nje ya diski. Huziba feni, joto linapanda, na fomati inakimbia mahali pake kama tulivyoeleza. Safisha feni na matundu kwa brashi laini kila wiki mbili wakati wa kiangazi. Usitumie kompresa ya karakana ya matairi: inatema maji na mafuta. Gesi ya volkano yetu ya Nyiragongo nayo ina salfa, na ikikutana na unyevu hupausha ncha za bodi na tepe. Makosa yakianza bila sababu, zima, chomoa tepe na kadi, futa ncha kwa alkoholi ya isopropili, rudisha. Kwa dakika kumi unaokoa siku nzima ya kubahatisha.

Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ardhi ilitikisika siku kadhaa mfululizo. Diski inayozunguka haipendi hilo. Weka boksi kwenye meza nzito na sponji chini ya boksi, si chini ya diski: diski iliyofungwa kilegevu hujitikisa yenyewe kila mota yake inapopiga hatua.

Kisha delestaji. ST-251 huegesha vichwa vyake yenyewe umeme ukikatika. ST-225 haifanyi hivyo. Vichwa hutua papo hapo vilipo, juu ya data. Onduleri ndogo (UPS, yenye betri ya akiba) ya 650 VA inakupa dakika za kutosha kufunga faili, kuandika PARK (amri ya kuegesha vichwa), kusikia vichwa vikikimbilia silinda ya 670 isiyo na data, na kuzima. Umeme ukirudi, usiwashe sekunde hiyohiyo. Subiri sahani zisimame, angalau sekunde 30. Na mashine isipandishwe chukudu, kigari cha mbao cha kubebea mizigo, wala pikipiki kabla ya kuegeshwa. Mawe ya barabara zetu yanajulikana.

Ukisikia diski inalia kama bawaba kavu, tazama chini yake kwenye bodi: kuna ulimi mwembamba wa shaba unaogusa ncha ya mhimili ili kutoa umeme tuli. Huo ndio unaoimba. Kipande kidogo cha sponji kilichobandikwa mgongoni mwa ulimi huunyamazisha, usiung'oe.

Mwisho kuna diski isiyozunguka kabisa. Umeme upo, taa inawaka, unasikia mvumo hafifu tu. Baada ya kulala miaka mingi, vichwa hugandana na sahani. Itoe kwenye boksi, nyaya zikiwa zimechomekwa, ishike bapa kwa mikono miwili, na wakati mwenzako anawasha, izungushe ghafla robo mzunguko kwa mhimili wa sahani, kama mtu anayefungua mfuniko wa ndoo. Usiigonge. Ikizunguka, usiizime: iweke taratibu juu ya sponji, iache ipate joto, nakili yote iliyomo. Itaganda tena, pengine usiku huohuo, na mara ya tatu au ya nne kichwa kinaweza kung'oka. Ukishanakili, mashine inaweza kuendelea na kadi ya XT-IDE yenye CompactFlash (kadi ndogo ya kumbukumbu), ambayo haijali joto wala chukudu, na ST-225 ibaki kwenye mfuko wake pamoja na kadi, tepe mbili, na karatasi yenye silinda, vichwa, mpishano na tarehe ya fomati ya mwisho.